Cheti cha Pazia Bora

Tiketi yangu iliandikwa Dar es Salaam. Nilipanda treni Tabora mwezi wa mvua kubwa, nikiwa na miaka ishirini na tatu, elimu ya kidato cha nne, sanduku la bati lenye brashi sita, na sababu ambayo sikuweza kumweleza mama hata aliponiuliza mara tatu. Sikuwa nimekosana na mtu. Nilikuwa naandika vibao vya maduka, kazi ilikuwa inakwenda, wenye maduka walikuwa wameshaanza kuniita kwa jina, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Nikishafahamika mahali, miguu huanza kuniwasha.

Dodoma tulipita salama. Gulwe tukasimama. Mtumishi wa reli alipita behewa hadi behewa akitangaza kwamba mbele mto Mkondoa umekula tuta, na reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Tulikaa siku ya kwanza, tukakaa ya pili. Akina mama walishuka wakawasha mafiga kando ya mabehewa, wanaume wakachimba vishimo ardhini wakacheza bao kwa kokoto, na ilipofika jioni ya siku ya pili watu walikuwa wameshapeana mitaa: sisi wa behewa la tatu tulikuwa wa huku, wale wa behewa la sita walikuwa wa kule. Wote walionekana kutulia. Mimi sikuweza. Asubuhi ya siku ya tatu niliweka sanduku kichwani nikaanza kutembea juu ya mataruma, na wanaume wanne wakanifuata.

Tulitembea siku tatu. Palipokuwa na reli tulihesabu mataruma kwa miguu. Palipokuwa hapana tulipanda kando ya korongo tukishika majani, mto ukipita chini yetu mwekundu na wenye haraka. Wenzangu walibaki mmoja mmoja kwenye vituo vidogo vya njiani. Niliingia Kilosa peke yangu saa nne asubuhi, nyayo zimechunika, nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi.

"Tiketi hii ni ya treni iliyokwama," mkuu wa kituo aliniambia. "Ikifika, utapanda."

"Itafika lini?"

"Muulize mto."

Nikangoja. Kungoja bila kazi sikuwahi kukuweza, kwa hiyo kesho yake nilikuwa juu ya ngazi naandika kibao cha hoteli iliyokuwa ng'ambo ya stesheni, nalipwa wali. Mwanamume mmoja mfupi, amevaa katambuga na kubeba mkoba wa ngozi, alisimama chini akanitazama hadi nikamaliza herufi nne.

"Ndugu," akasema, "herufi zako zinasimama wima. Za kijijini kwangu zimelala kama walevi."

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi, amekuja Kilosa kwenye mkutano. Alitaka kibao cha kijiji, tena mapema, kabla wageni hawajaanza kupita. Siku saba tu, alisema. Tukapanda treni ile ndogo iendayo Kidatu, na treni ya Dar es Salaam ilipofika Kilosa hatimaye, mimi sikuwapo. Siku saba zile zikawa mwaka mmoja na nusu, muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa mahali popote tangu nitoke kwetu.

Kijiji kilikuwa mistari miwili ya nyumba za udongo kando ya barabara ya kwenda Kidodi. Baadhi ya watu walikuwa wenyeji wa tambarare hiyo tangu babu. Wengine walikuwa wameteremshwa kutoka milima ya Vidunda operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipopita. Na mbali kidogo, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, walikaa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao na kuambiwa nao ni wanakijiji. Mstari ulikuwa umenyooshwa kwa kamba. Milango yote ilitazama barabara, na migongo yote ya nyumba ilitazama milima. Aliyeshuka Vidunda, akitaka kuona alikotoka, ilimbidi atoke nje na kuizunguka nyumba yake.

Niliandika kibao. Kisha Mwenyekiti akasema nyumba zinahitaji namba. Kisha ukuta wa shule. Kisha zahanati. Kila nilipofunga sanduku, yeye alipata ukuta mwingine.

Bibi, mmoja wa walioshuka Vidunda, nilikutana naye siku ya namba. Nilikuwa nimeinama mlangoni kwake na brashi, naye akatoka ndani na ungo mkononi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo ungeisikia kutoka upande wa pili wa kijiji.

"Wewe unayeniandika namba kama mfungwa, kabila gani?"

"Mnyamwezi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Loo! Mtani! Kumbe ni mzigo wa aina hii. Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu mabegani wakala mahindi ya babu zangu bila kuaga. Umekuja kulipa?"

"Waliyala kwa sababu babu zako waliwaona wakakimbilia milimani, Bibi. Mahindi yalibaki peke yake yanalia."

Alicheka hadi ungo ukamwagika. Halafu akaninyang'anya kofia kichwani, akaivaa yeye. "Nimeiteka. Ikomboe kwa chumvi."

Asiyejua utani ataona huo ni wizi. Sisi tuliokulia ndani yake tunajua: mtani akikuchukulia kitu chako mbele za watu, hukasiriki. Unakikomboa kwa kile atakachotaja, hata kiwe kigumu. Polisi haingii hapo, wala mwenyekiti. Nilimpelekea chumvi, akanirudishia kofia, na tangu siku hiyo nilikuwa na mtu wa kunitukana vizuri kila asubuhi. Ugenini hiyo si neema ndogo.

Mwaka wa pili, Afisa Utamaduni wa wilaya alikuja kwa Landrover akaitisha mkutano. Kutakuwa na mashindano Kilosa, alisema. Kila kijiji kilete mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, bila hotuba katikati. Zawadi zitakuwa tatu: ya nyimbo, ya uchezaji, na ya jukwaa.

"Jukwaa litaimba?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Afisa hakucheka. Alikuwa kijana mwenye miwani, ameona michezo ya namna hiyo masomoni, na aliamini kitu alichokuwa anakisema. Mtazamaji, alieleza, huona kabla hajasikia. Anayejenga mahali pa kuimbia naye ni msanii, lakini hakuna anayemkumbuka. Yeye atakuwa wa kwanza kumkumbuka. Atakayeshinda atapewa cheti, na pamoja na cheti barua ya kwenda Morogoro, kwenye kikundi kimoja cha michezo kilichokuwa kinatafuta mtu wa kutengeneza majukwaa. Kikundi hicho kinazunguka nchi nzima.

Baada ya maneno "nchi nzima" sikusikia tena. Kulipwa kwa ajili ya kuondoka! Sikujua kama duniani kuna kazi ya namna hiyo. Usingizi ulinitoka siku kadhaa, nikawa natembea kijijini huku nikihesabu nguzo.

Mchezo ulitungwa na Bibi, maana nyimbo zote za kijiji zilikuwa zake. Ulikuwa mwepesi: familia inafunga mizigo mlimani, inashuka, inafika kijijini, inapokewa. Wanawake kumi na wawili, wanaume sita, ngoma tatu. Pazia la nyuma lilikuwa langu. Niliomba magunia ya katani ghalani, nikayafumua, nikayashona kwa sindano ya magodoro hadi yakawa ukuta wa kitambaa upana wa hatua kumi. Nilipaka uji wa muhogo ili uzi ukaze, kisha chokaa. Nyeusi yangu ilikuwa masizi ya sufuria, nyekundu ilikuwa udongo wa kichuguu, kijani nilipika majani hadi wanawake wakaniuliza kama nimeolewa. Anga niliichora kwa buluu ya kufulia nguo. Siku moja nililitandaza juani nikaenda kula. Kurudi, ng'ombe wawili wa wafugaji walikuwa wanalamba uji na chokaa, wameshamaliza mawingu ya upande wa mashariki. Mwenye ng'ombe alitazama, akasema kwa upole, "Wameipenda," akawaswaga.

Nilichora milima ya Vidunda kama nilivyoiona kila siku kutoka tambarare, mgongo juu ya mgongo, ukungu katikati. Na kwenye ubavu wa mlima wa karibu nikaweka nyumba moja, na uwanja wake uliofagiliwa, na moshi. Ile nyumba ilinitoka mkononi haraka mno, kabla sijaifikiria.

Bibi alikuja kutazama. Alitembea kutoka ncha moja ya pazia hadi nyingine.

"Milima ni yangu," akasema mwisho. "Nyumba ni ya nani?"

"Ya mlimani, Bibi."

"Ya mlimani wapi! Sisi hatuweki mlango ukitazama bonde. Upepo wa kule ungetutoa nje na mikeka yetu. Hiyo ni ya kwenu. Mnyamwezi umemkumbuka mama yako, ukaipandisha nyumba yake kwenye mlima wangu." Akanigonga kisogoni. "Iache. Na yeye apate hewa."

Jioni hiyo waliimba mbele ya pazia kwa mara ya kwanza. Nimesikia waimbaji wengi tangu wakati ule, nimewajengea majukwaa katika kumbi za saruji zenye viti. Sijasikia tena kitu kama kile. Walipofika kwenye wimbo wa kufunga mizigo, wanawake wa Vidunda walikuwa wanaitazama milima ile ya magunia wala hawatutazami sisi, na mmoja alishindwa kuendelea, akakaa chini, na wimbo ukapita juu yake. Nilisimama pembeni na brashi yangu nikijua nimeshinda.

Mwenyekiti naye alikuwapo. Asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili, alikuja kwangu.

"Ndugu, pazia zuri sana."

"Asante, Ndugu Mwenyekiti."

"Zuri mno. Majaji watauliza swali moja tu: kama huko kulikuwa kuzuri hivi, mlishuka kufanya nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa awashushe watu, akawashusha, na sasa alikuwa analala nao katika nyumba ileile ya udongo, anakula dona lilelile.

"Wimbo wa kufika ni wa furaha," akaendelea, "lakini watu wanalia kuanzia mwanzo. Chora kijiji. Nyumba zilizonyooka, shule, bendera. Na bomba la maji."

"Bomba hatuna."

"Litakuja. Lichore, litangulie."

Ningeweza kukataa. Asingenifanya kitu, kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kushika brashi. Lakini niliwaza majaji, na cheti, na barua ya Morogoro, nikaona kwamba Mwenyekiti amesema kweli: pazia lile lisingepewa zawadi na mtu yeyote mwenye kazi ya kulinda. Nikakoroga chokaa. Nilianzia juu, kwenye vilele, ili nisiwe na nafasi ya kubadili nia.

Nilikuwa nimefika katikati Bibi alipotokea.

"Mtani, unafanya nini?"

"Mwenyekiti amesema."

"Mwenyekiti ndiye anayekwenda Morogoro?"

Aliondoka bila kungoja jibu, na siku hiyo hakunitukana tena.

Tulilisafirisha pazia hadi Kilosa kwa treni, limeviringishwa kama mkeka wa jitu, waimbaji wamelikalia. Mashindano yalifanyika uwanjani, mchana kweupe. Afisa alikuwa ameweka utaratibu wake mwenyewe: kabla waimbaji hawajaingia, jukwaa lilisimama tupu mbele ya majaji watatu, ngoma moja ikapigwa taratibu, nao wakalitazama hadi ngoma ikanyamaza. Vijiji vingine vilikuwa vimefunga makuti na khanga. Cha Rudewa kilisimamisha mikonge mizima kwenye ndoo, ikaanguka kabla ngoma haijaisha. Letu lilipofunguliwa, uwanja ulinong'ona. Nyumba zangu zilikwenda mbali zikipungua, mstari wa kushoto na mstari wa kulia, bendera inapepea, na mbele kabisa bomba lenye tone la maji linalokaribia kuanguka. Jaji mmoja aliinuka akaenda kuligusa lile tone.

"Maji yenu yanatoka muda wote?" akamuuliza Mwenyekiti.

"Kwa zamu, Ndugu," Mwenyekiti akajibu, uso mkavu kama ubao.

Halafu wenzangu waliimba. Hawakukosea hata neno moja. Waliimba kama watu wanaoitwa majina ofisini, kila mmoja akiitika kwa zamu yake, Bibi mbele yao akiangalia vichwa vya watazamaji. Katika nyimbo hatukupata kitu. Katika uchezaji hatukupata kitu. Katika jukwaa tulikuwa wa kwanza.

Mwenyekiti alitaka cheti kiandikwe jina la kijiji. "Amepiga brashi, sawa," alisema, "lakini magunia ya nani? Muhogo wa nani?" Afisa alishika kalamu yake akasema ameanzisha zawadi hii kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya magunia. Akaandika jina langu, polepole, kwa mwandiko wa mlazo. Nilikipokea kwa mikono miwili. Karatasi nene, muhuri wa buluu. Sikuwahi kuona jina langu limeandikwa vizuri namna ile na mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuandika ya watu.

Sikukishika hata dakika mbili. Bibi alipanda jukwaani, akakichomoa mikononi mwangu mbele ya majaji, akakiinua juu.

"Nimekiteka!"

Uwanja ulilipuka. Kila mtu alijua kinachoendelea. "Komboa! Komboa!" walipiga kelele. Mmoja wa majaji, Mgogo, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nami nikacheka, maana ukikasirika umejiaibisha na kabila lako.

"Chumvi kiasi gani, Bibi?"

"Chumvi ninayo." Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu, lakini macho hayakuwemo. "Umenifukia milima. Nifukulie."

Barua ilisema nifike Morogoro na cheti mkononi, siku ya mwisho Jumamosi ya wiki ya pili. Nilimwendea Mwenyekiti nikamwambia nimeibiwa. Akauliza na nani. Nikamtaja. Akacheka hadi akashika tumbo. "Huyo ni mtani wako! Unataka niitishe kikao cha kijiji? Kakomboe, bwana."

Pazia lenyewe lilikuwa limeshatundikwa kwenye ofisi ya kijiji na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa tena. Kwa hiyo nilimuuliza Bibi milima anaitaka wapi. Akaniingiza ndani kwake, akanionyesha ukuta wa nyuma, ule mzima usio na kitu.

"Hapa. Ukitoboa hapa, ndipo ilipo."

"Basi tutoboe dirisha, Bibi. Itakuwa rahisi."

"Mwenyekiti atasema nyumba yangu haifanani na za wenzangu. Chora."

Nilichora kwa siku mbili, mbio, milima ileile niliyoizoea na nyumba ubavuni, safari hii mlango nikaugeuza. Alirudi kutoka shambani akatazama, akachota maji kwenye mtungi akaimwagia nyumba yangu. Ilishuka ukutani kwa michirizi.

"Umegeuza mlango, bado ni ya mama yako. Hujawahi hata kufika kule."

Ilikuwa kweli. Mwaka mmoja na nusu niliitazama milima ile kila asubuhi na sikupata siku ya kupanda.

Siku iliyofuata nilishinda nimekasirika. Nyingine nikashinda Mikumi, nikitazama mabasi ya kwenda Morogoro yanavyosimama na kuondoka, nikihesabu: ningeweza kwenda bila cheti, nieleze. Nieleze nini? Kwamba kimetekwa na bibi? Zilipobaki siku tatu nilikwenda nikamwambia, "Nipeleke."

Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi. Lori la miwa lilitusogeza mpaka Kidodi, kutoka hapo tukapanda kwa miguu. Mimi kijana nilikuwa nahema. Yeye alikuwa mbele, anaongea na kila jiwe kwa lugha yao, na akigeuka ananiambia kwa Kiswahili kwamba babu zangu hawakuwahi kufika hapa kwa sababu walikuwa na vifua vibovu. Saa sita tulifika. Niliona migomba iliyosongwa na magugu, mafiga matatu, na kuta ambazo mvua ilikuwa imezirudisha kuwa udongo, juu yake maboga yamejiotea. Makaburi yalikuwa upande wa juu, yamezungushiwa mawe, na yale yalikuwa safi. Mtu alikuwa anapanda kuyapalilia. Sikuuliza nani.

"Mlango ulikuwa hapa," akasema. Akasimama palipokuwa mlango, akanionyesha kwa mkono: hapa ghala, hapa walipofunga mbuzi, hapa mumewe alipenda kukaa, jiwe lenyewe bado lipo. Nilichora kwa kipande cha penseli kwenye mfuko wa sukari niliouchana. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Tabora niliona mtu anaonyesha mahali na kusema "hapa" mara nyingi hivyo bila kusitasita. Mimi sikuwa na hata mahali pamoja ambapo ningeweza kusema hivyo, isipokuwa kwa mama, nako nilikuwa nimekukimbia kwa hiari. Nilitamani kukaa, na hapohapo nikatamani kuondoka, na vyote viwili vilinivuta kwa nguvu sawa. Nikamwambia jua linatuchwea.

Ijumaa nilichora tangu kulipopambazuka. Mlima kwanza, mgongo baada ya mgongo. Migomba. Njia. Makaburi, jiwe kwa jiwe. Hapo alinisimamia na kunisahihisha, mara mbili akanifutisha. Jiwe la mumewe. Jirani zake wa Vidunda waliingia mmoja mmoja, wakasimama, wakataja majina ya sehemu, wakatoka. Nyumba niliiacha ya mwisho, kwa sababu nilitaka niifanye bila haraka. Jioni ukuta ulikuwa bado mbichi katikati, pale nilipokandika udongo mpya juu ya michirizi ili nyumba ikae, na rangi isingeshika. Ilinibidi ningoje hadi kesho yake mchana.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Nilifika kwake asubuhi na brashi. Alikuwa ameketi akiutazama ukuta. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Niliugusa, nikafuta kidole kwenye suruali. Basi la Morogoro lilikuwa likipita Mikumi saa nne, na Mikumi ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa lori, kama lori lingepatikana. Nilidhani sikuonyesha haraka yangu.

Alinyanyuka akaenda kwenye sanduku lake la nguo, akatoa cheti. Alikuwa amekikunja ndani ya khanga mpya, hakikuwa na doa.

"Haya. Umekomboa."

"Nyumba bado, Bibi. Mchana huu namaliza."

"Mchana utakuwa hapa, na macho yako yatakuwa barabarani. Utanichorea nyumba iliyopinda."

"Nitarudi kuimalizia."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama muuzaji ambaye bei yake haiaminiki. "Mnyamwezi akisema atarudi, anamaanisha atakumbuka. Nenda. Nyumba naiona mwenyewe, najua ilipokaa. Wahi basi lako."

Ningeweza kukataa. Nimelirudia jambo hili mara nyingi katika nyumba za wageni za miji mingi, na kila mara nalipata jibu hilohilo: lilikuwa suala la kukaa hadi saa tisa tu. Kikundi kile kingeweza kuningoja hadi Jumatatu, au kisingeweza. Nilikipokea cheti, nikamshika mkono, nikasema shikamoo badala ya kwaheri, kwa kuchanganyikiwa, naye akaitikia marahaba kama kawaida. Sikupita kumuaga Mwenyekiti. Nilichukua sanduku langu nikatoka barabarani, na lori la kwanza lililokuja lilisimama.

Mikumi basi lilikuwa limeshawasha injini. Utingo alitupa sanduku juu ya keria, mimi nikaning'inia mlangoni hadi mtu akanisogezea kiti. Tuliingia mbugani, majani marefu pande zote mbili, twiga wawili wamesimama karibu na lami hawajali. Abiria mmoja akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kilosa, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Cheti kilikuwa ndani ya shati langu, kwenye ngozi, kimeanza kushika jasho. Lazima niseme ukweli: nilikuwa na furaha. Basi lilikuwa linakwenda kasi, madirisha yamefunguliwa, na nilikuwa na furaha hadi Morogoro.